Nishaelewa

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwa zuri tu, lakini pale duka la dawa hakuna aliyelikumbuka. Wote walimwita Nishaelewa: wateja, mfamasia, hata yule mama wa kufagia ngazi. Na jina hilo hakuonewa kulipewa, alilitafuta kwa mdomo wake mwenyewe. Mteja akifika dirishani na kuanza, "Dada, nina mtoto anasumbuliwa na...", yeye alikuwa ameshaigeukia rafu, na chupa ya dawa ya kikohozi iko mkononi. "Nishaelewa," anasema. "Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni. Anayefuata."

Mara nyingi alikuwa amepatia, na ubaya ndipo ulipokuwa. Angekosea kila siku angejifunza. Lakini mtu aliyekaa dirishani miaka nenda miaka rudi anajua watu wanaumwa nini kabla hawajafungua mdomo. Anayeshika shavu, ni jino. Anayenong'ona huku akitazama nyuma, hayo ni mambo ya chumbani. Foleni yake haikujua kusimama. Mfamasia, mwanamume mpole mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani, alikuwa akimsifu mbele za watu na kumwonya pembeni.

Kuna siku aliumbuka kweli. Alikuja mzee mmoja mnene, kofia kichwani, pumzi fupi kwa kupanda ngazi, akaanza: "Naomba dawa ya mb..." Kabla hajavuta hewa ya kumalizia, chupa ya dawa ya mba ilikuwa mbele yake, na maelezo juu: paka kwenye nywele, acha kidogo, osha. Mzee aliisoma ile chupa taratibu, mpaka maandishi madogo ya chini. Kisha akavua kofia. Kichwa kilikuwa kinang'aa kama sahani iliyooshwa sasa hivi, hakuna unywele hata mmoja wa kusingizia.

"Mbu, mwanangu," akasema. "Nilitaka dawa ya mbu."

Foleni nzima ilivunjika mbavu. Mfamasia alilazimika kuingia stoo akachekee huko. Nishaelewa naye alicheka, maana si mtu wa kinyongo, lakini mteja aliyefuata aliposema "Mimi nime...", alikuwa ameshajibiwa.

Ndivyo alivyokuwa. Mwili uko kwa mteja huyu, akili imeshatangulia kwa yule wa tatu. Akila anawaza vyombo, akiosha vyombo anawaza nguo, akianika nguo anawaza mvua. Sidhani kama kuna siku aliwahi kuwa mahali pamoja na nafsi yake kwa muda wa kunywa kikombe cha chai.

Nyumbani alikuwa na mama yake. Mama huyo alikuwa mwokaji, alifanya kazi kwenye kiwanda cha mikate mpaka mikono ikaota sugu, na kwa mikono hiyo alilea watoto wawili peke yake, Nishaelewa na kaka yake. Viatu vyake vilikuwa vyeupe kwa unga hata siku za mapumziko. Alikuwa mcheshi, mwenye utani wa chinichini, na alikuwa na maneno yake ambayo hayakuwa ya mtu mwingine. Kitambaa cha kufutia meza alikiita "mjumbe". Akitaka kutoka, wakati wengine wanasema nachelewa kidogo tu au narudi sasa hivi, yeye alisimama mlangoni na kusema "Sitakawia," basi, akaenda zake. Akikasirika aliimba.

Mwaka uliopita kiharusi kilimpiga upande wa kulia. Mguu ulirudi kiasi, mkono ulirudi nusu, lakini maneno yalibaki nyuma. Akili yake ilikuwa nzima, daktari alilisema hilo waziwazi. Ila kila neno lilitoka silabi moja moja, na kati ya silabi na silabi kulikuwa na safari. Alikuwa akiongea namna mtu anavyoshuka ngazi asizoziona vizuri, anapapasa kwanza ndipo anakanyaga.

Sasa mpe mtu wa namna hiyo binti kama Nishaelewa, uone. Mama akisema "Ma...", maji yamefika. Akisema "Di...", dirisha limefunguliwa. Siku moja alisema "Cha...", akaletewa chai, kumbe alikuwa anataka chanuo. Aliinywa chai, maana kukataa nako kunahitaji silabi. Akashinda na nywele zake hivyohivyo.

Lakini usimwone huyu binti ni mbaya. Alimpenda mama yake kupita kiasi. Alimwogesha, alimkata kucha, alimsugua ule mkono kila siku kabla ya kwenda kazini, na hakuna aliyewahi kumsikia akilalamika. Alijivunia pia. Majirani aliwaambia, "Mimi na mama hatuhitaji maneno. Namwelewa kabla hajasema." Mama alikuwa akiyasikia hayo kutoka kwenye kiti chake, ananyamaza. Kwani angefanyaje?

Kaka alikuwa akiishi mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa gari. Huko kwake, si mbali na nyumba, palikuwa na kituo kinachofundisha kusema watu waliopata kiharusi. Kilikuwa na sifa, na waliokuwa wakisubiri kuingia walikuwa wengi. Kaka alihangaika mpaka akampatia mama nafasi. Juu ya hilo, mke wake alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, na bibi mtu hajamtia mjukuu machoni. Basi Jumapili moja akapiga simu, Nishaelewa akaiweka kwenye spika katikati ya meza, na kaka akauliza swali lake polepole na kwa heshima: mama, utakuja kwetu?

Mama alijiweka wima kwenye kiti. Akaweka ule mkono mzima juu ya meza.

"Si," akasema. "Ta... k..."

"Hataki," Nishaelewa akamalizia. "Umesikia mwenyewe, kaka. Sitaki. Nishaelewa, mama, usijichoshe."

Kaka akauliza kama ana hakika. Nishaelewa akasema anataka hakika gani tena, mama ni mtu wa kwake, amezoea kiti chake na dirisha lake, na huko ugenini nani angemjua anataka nini. Mama alifungua mdomo tena, halafu akaufunga. Akaanza kufuta mezani makombo ambayo hayakuwepo. Kaka akasema kituo kitaishikilia nafasi mpaka mwisho wa mwezi, baada ya hapo itapewa mwingine, kwa hiyo wafikirie. Wakaagana.

Alipokata simu, Nishaelewa alihisi kifua kimekuwa chepesi, akadhani ni kwa ajili ya mama.

Haukupita muda moyo ukaanza kumchezea. Anakuwa dirishani, mara unadunda kifuani utafikiri kuna mtu anagonga mlango. Mfamasia akamkalisha, akampima, akakuta presha imepanda, akamsindikiza kwa daktari. Daktari alimpima hapa na pale, akasema hakuna kilichoharibika bado, ila mtu huyu anaishi mbio na lazima ajifunze kusimama. Mfamasia akasema basi aende naye darasani. Kumbe bosi mwenyewe, siku nyingi, alikuwa akihudhuria darasa la kutafakari kwenye ukumbi mdogo juu ya duka la dobi, na hajamwambia mtu kwa kuogopa kuchekwa. Nishaelewa hakumcheka. Alisema "Nishaelewa, mnakaa mnafumba macho," na mfamasia akasema ndiyo, ni hivyo, lakini njoo.

Mwalimu wao zamani alifundisha kuogelea. Alikuwa mwanamke wa mabega mapana na sauti ya chini, na wanafunzi wake walimwita Mwalimu wa Pumzi. Wanafunzi wenyewe walikuwa wa kila aina: wastaafu, dereva wa lori mwenye mgongo mbovu, bibi mmoja anayefuma sweta hata akiambiwa aache. Mwalimu akawaambia kwamba watatafakari, na wakitafakari hawatafikiri chochote.

Hapo palizuka mjadala. Dereva wa lori alinyoosha mkono akasema yeye hakusoma sana, lakini kwa anavyojua kutafakari ni kufikiri kwa kina, sasa mtu atafikirije kwa kina bila kufikiri? Bibi wa sweta akasema kweli kabisa, shuleni kwao walikuwa wakifungiwa darasani ili wayatafakari makosa yao, na hakuna aliyetoka akiwa na amani. Mwingine akataka liletwe kamusi. Nusu ya kipindi ilikwenda hapo, na Mwalimu wa Pumzi, ambaye hakuwa na haraka na kitu, aliwaacha mpaka wakachoka.

"Haya, tusiite kutafakari," akasema mwishowe. "Mtu akikutana nawe njiani anakuuliza, 'Upo?' Unamjibu, 'Nipo.' Kila siku mnajibu hivyo, na hampo. Hapa tutajaribu jibu hilo liwe la kweli."

"Nishaelewa," akasema Nishaelewa, kwa sauti ya chini, kabla mwalimu hajafika kwenye neno kweli.

Zoezi lenyewe halikuwa na uchawi wowote. Kulikuwa na mfuniko wa sufuria, wa zamani, mzito, umening'inizwa kwa kamba kwenye msumari. Mwalimu aliupiga kwa mwiko, mara moja. Wao wafumbe macho, wausikilize mlio mpaka uishe, na mtu asipousikia tena ainue mkono. Ukalia. Nishaelewa akainua mkono. Alipofumbua macho akakuta mkono ulioinuliwa ni wake tu, wengine wametulia, na dereva wa lori ana uso wa mtoto aliyelala. Mara ya pili, vilevile. Mwalimu akaja akachuchumaa karibu yake.

"Umeusikia mwisho," akamnong'oneza, "au umejua tu utakavyoisha?"

Alikereka. Mfuniko ni mfuniko, una nini cha kunificha? Hata hivyo mara ya tatu alijikaza. Mlio ukaja, na nyuma yake ikaja supu aliyoiacha jikoni, likaja dirisha ambalo hakumbuki kama alilifunga, akaja kaka na mwisho wa mwezi wake. Aliporudi kwenye mlio, ulikuwa umekuwa uzi mwembamba chini ya mngurumo wa mashine za dobi. Akaupoteza. Hakuweza kusema uliishia wapi. Jambo dogo kama hilo, lakini lilimkaa rohoni mpaka nyumbani.

Siku yake ya mapumziko, mchana, alichukua mfuniko wa sufuria yao kubwa akaufunga kwa kamba kwenye kitasa cha mlango wa jikoni. Mama alikuwa kwenye kiti chake dirishani, akimtazama. Nishaelewa akaupiga, akafumba macho, akainua mkono, akaupiga tena. Akasikia sauti ambayo hakuisikia kwa muda mrefu. Mama alikuwa anacheka, kwa ule upande mmoja wa uso uliokuwa bado unamtii.

Akamweleza zoezi. Mama akafumba macho papo hapo, yuko tayari. Mlio ukatoka, Nishaelewa akainua mkono, akamtazama mama. Mkono wa mama uko palepale mapajani. Ukakaa. Ukakaa mpaka Nishaelewa akadhani amesinzia, ndipo ukainuka. Wakarudia, na tena ikawa hivyo. Maskini, akawaza, kila kitu sasa kinamfikia kwa kuchelewa. Mara ya tatu, kwa kutaka tu kuhakikisha, alipoinua mkono wake alisogea mlangoni, akatega sikio, kisha akaugusa mfuniko kwa ncha ya kidole.

Ulikuwa bado unatetemeka. Mlio ulikuwepo, mdogo, mzima, na mama alikuwa bado yuko nao.

Alisimama pale na kidole chake kama mtu aliyeshikwa akiiba.  Kuanzia hapo ukawa mchezo wao. Akirudi kazini, kabla ya kuvua viatu, wanapiga mfuniko. Taratibu mkono wake ulianza kuchelewa, na moyo nao ukaacha kugongagonga. Jirani mmoja akauliza kama wamefungua kanisa.

Dukani nako mambo yalibadilika, na si wote waliofurahi. Mwanamke mmoja alikuja akasema, "Dada, nina mtoto anasumbuliwa na..." Mkono wa Nishaelewa ulikuwa umeshaanza safari ya kwenda kwenye rafu ya kikohozi. Akauita urudi. Akasubiri. Yule mwanamke akashangaa kupewa nafasi, akameza mate, akamalizia: "...na kaka zake. Wanamcheka kwa ajili ya chunusi, siku hizi hataki hata kutoka nje." Foleni ikarefuka mpaka kwenye ngazi. Mfamasia akaja akamwambia polepole kwamba kuwepo ni kuzuri, yeye ni shahidi, lakini angalau mara mojamoja aelewe.

Basi alasiri moja, mwezi umebakiza siku za kuhesabika, walikuwa wamekaa mama na binti, mfuniko umepigwa. Mvua ilikuwa imetoka kuacha na nje palikuwa na matone ya kwenye bomba la maji ya paa. Mlio ukapungua, ukawa uzi, ukawa kitu ambacho huwezi kusema ni mlio au ni kumbukumbu yake. Mikono yao iliinuka pamoja. Ilikuwa mara ya kwanza. Hakuna aliyefumbua macho. Chumba kilikuwa kimya na kimya hicho hakikumsukuma kwenda popote.

"Si," mama akasema.

Ulimi wa Nishaelewa ulimwasha. Akautuliza.

"Ta."

Neno lilikuwa limeshamfika kwenye meno. Sitaki. Hataki nini, mfuniko? Chai? Alishaanza hata kuinuka kwenye kiti, mwili wenyewe, bila kuamriwa. Akakaa tena. Akalisikiliza lile "ta" mpaka likaisha lote.

"Ka."

Si ki. Ni ka. Akili ikaruka, unajua tena zake: sitakaa, sitakata, sitakata tamaa, chagua moja tumalize kazi. Aliziona zote zikipita, akaziacha zipite. Mama alikuwa akipapasa ngazi inayofuata. Bomba lilidondosha tone, likadondosha jingine.

"Wi," mama akasema. Akapumzika. "A."

Kisha akanyoosha mkono wake mzima kuelekea kwenye simu iliyokuwa mezani, akaongeza, silabi kwa silabi, neno ambalo lilikuwa na kazi kubwa mdomoni mwake: "Mju... ku... u."

Sitakawia.

Nishaelewa alimwona mama akiwa mlangoni, viatu vyeupe, mkoba begani, na yeye mtoto mdogo pua imegandana na kioo cha dirisha. Neno lile halikuwahi kuwa la kukataa kitu. Mama alilisema akiwa ameshavaa viatu. Alilisema akiwa ameshaamua kwenda, ili anayebaki asilie. Na Jumapili ile alilitamka mpaka nusu, kwa jasho, akiwa amejiweka wima kwenye kiti, na binti yake akaing'oa nusu iliyobaki akampachikia nyingine.

Tena tuseme ukweli, maana na yeye alijiambia ukweli: aliyekuwa hataki si mama. Ni yeye. Ni yeye aliyeogopa kurudi kwenye nyumba isiyo na mtu kwenye kiti. Alikuwa ametia woga wake kwenye kinywa cha mama, kisha akajisifu kwa majirani kwamba anamwelewa. Aliumia. Na katikati ya kuumia aliona wivu pia, wivu wa kitoto, wa kumwonea mtoto mchanga ambaye yeye ni shangazi yake.

Akainuka akaenda kuosha kikombe kilichokuwa kisafi. Mambo mengine ni mepesi mno, na hapo ndipo shetani anapokaa. Hakuna aliyelisikia neno lile isipokuwa yeye. Mama hawezi kubonyeza namba. Mwezi unakwisha, nafasi itapewa mwingine, na hakuna hata mtu mmoja atakayeuliza. Ni kunyamaza tu. Si hata uongo.

Maji yalikuwa ya uvuguvugu. Kikombe kilikuwa na ufa mdogo karibu na kishikio, ufa ambao hakuwahi kuuona miaka yote aliyokiosha. Alisimama hapo na woga wake. Safari hii hakukimbilia kwenye vyombo vingine, wala nguo, wala mvua. Aliusikiliza. Haukuisha, na mimi sitakudanganya kwamba uliisha. Ila ulipungua, ukawa mwembamba kiasi cha mtu kuweza kufanya kitu huku akiwa nao. Akafuta mikono kwa mjumbe, akaenda kupiga simu.

Alimwambia kaka kwamba alikosea, mama hakusema hataki. Kaka akauliza alisema nini sasa. Nishaelewa akasema hapana, atasema mwenyewe. Akaiweka simu kwenye spika, akaisukuma karibu na mkono wa mama.

"Si," mama akasema. "Ta..."

"Bado hutaki, mama?" kaka akauliza.

"Nyamaza, kaka," Nishaelewa akasema. "Hajamaliza."

Kimya kwenye simu ni kirefu kuliko kimya kingine chochote. Walisikia gari likipita huko kwa kaka, na mtoto akianza kulia na kubembelezwa. Mama aliusikia ule mlio, akatabasamu, akapoteza njia, akairudia. "Ka," akasema. "Wi. A."

 Kaka naye alikulia kwenye dirisha lilelile. Baadaye ilisikika sauti, na kwa simu ilikuwa vigumu kujua kama anacheka au analia. Akasema nafasi bado ipo. Akasema alitakiwa kwenda kituoni kuwaambia haihitajiki, na kila siku alikuwa akitafuta sababu ya kutokwenda.

Alikuja kumchukua mwenyewe. Nishaelewa alifungasha nguo, dawa kwa mpangilio wake, chanuo, na juu kabisa ya mkoba mama akaweka mfuniko wa sufuria kwa mkono wake, bila kuomba ruhusa ya mtu. Kaka akauliza na sufuria yake iko wapi. Akaambiwa sufuria inabaki. Akatazama dada yake, akatazama mama yake, akaona ni mambo ya wenyewe, akaubeba mkoba mpaka kwenye gari.

Hakuna aliyejua ni miezi mingapi. Kituoni walisema inategemea, na mama hakuwa mtu wa umri wa kuahidi mambo. Aliketi kiti cha mbele, mkanda umefungwa, kioo kimeshushwa. Kaka alikuwa ameshawasha gari, safari ni ndefu. Mama akatoa mkono dirishani, akaushika wa binti yake.

"Si," akaanza.

Nishaelewa alilijua neno, safari hii bila kosa. Angeweza kulimaliza akiwa usingizini. Hakulimaliza. Alisimama barabarani akalipokea lote, ta, na ka, na wi, mpaka ile a ya mwisho ambayo mama aliitoa kwa pumzi iliyobaki. Kisha jicho la mama likapata ule utani wake wa zamani, wa chinichini.

"U... me... e... le... wa?"

Nishaelewa alitazama sugu za mkono ule, ambazo kiharusi hakikuziondoa. Alitazama uzi uliolegea kwenye kifungo cha gauni, akakumbuka alitaka kuukata asubuhi, akauacha.

"Bado, mama," akasema. "Sijaelewa. Rudia."

Mama alijua anadanganywa. Alicheka kwa upande wake mmoja, akatikisa kichwa. Kaka akazima gari. Mama akavuta pumzi, akajiweka wima kwenye kiti, akaanza upya kutoka kwenye si.